Jinsi ya kutesti fleva ya bekari kabla hujaimiksi kwenye juisi ya vepu: mwongozo kamili

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo tu, mililita 10, imeandikwa biskuti ya siagi, na mi niliitukana miezi mitatu mizima. Nilikuwa nimeimiksi asilimia 8 kwenye juisi ya vepu, kile kimiminika cha sigara ya kielektroniki, kwa sababu fleva zangu za matunda nilikuwa naziweka 8 na zinatoka poa, nikavuta jioni ile ile, nikapata ladha ya bisi zilizolala ndani ya katoni lililolowa. Nikampa jamaa yangu mmoja tunayekaa naye mji mmoja hapa Uingereza, nikamwambia chukua uchafu huo sitaki kuuona. Siku moja nimeenda kwake akanipa kifaa chake nijaribu kitu, aisee, biskuti kabisa, ile ya kuchovya kwenye chai ya maziwa, mpaka ile sehemu ya chini iliyoiva zaidi unaisikia. Namuuliza umenunua wapi hii, anacheka tu. Ilikuwa chupa yangu ile ile, yeye kaweka asilimia 1 halafu kaiacha kabatini wiki tatu.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyekosea kwanza. Fleva za bekari (biskuti, keki, donati, ganda la pai, mkate wa maziwa na ndugu zao) zinaonewa sana, watu wanazitesti kama embe au stroberi, kiasi kikubwa na haraka haraka, halafu wanasema mbovu. Mara nyingi fleva haina kosa, kosa ni la mkono.

Na kabla hatujafika mbali: hii ni ya watu wazima ambao tayari wanavepu, wengi wetu tulitokea kwenye sigara. Kama huvuti kitu chochote basi usianze kwa sababu ya harufu ya keki, nenda kale keki. Pia cheki sheria za pale ulipo. Uganda sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya 2015 ilizipiga marufuku sigara za kielektroniki, Imarati wao walifungulia uuzaji 2019, na huku Uingereza ni halali kuuziwa ukishafika miaka 18.

Hatua ya kwanza: soma karatasi kabla hujafungua kifuniko

Hapa ndo nitakaa muda mrefu kidogo maana ndo penye afya yako. Konsentreti, yani fleva nzito ambayo haijachanganywa, inatakiwa iwe imeyeyushwa kwenye PG (propilini glaikoli, kimiminika chepesi kinachobeba fleva), mara nyingine na alkoholi au glisarini kidogo. Isiwe na mafuta. Narudia, isiwe na mafuta, hata ya nazi, hata yale "asilia". Mafuta yanaenda vizuri tumboni, kwenye mapafu hayana pa kwenda, yanaleta nimonia ya aina yake. Marekani 2019 kulitokea ule mkasa wa watu kuugua mapafu, hesabu ilipofungwa Februari 2020 walikuwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na kati yao 68 walikufa. Kitu kilichohusishwa zaidi kilikuwa asetati ya vitamini E, mafuta mazito waliyokuwa wanachanganyia kwenye katriji za bangi. Haikuwa fleva ya biskuti, sawa, ila inakuonyesha mafuta yakivutwa yanaweza kufanya nini.

Ndo maana nikisikia mtu anataka kutumia arki ya vanila, ile ile tunayoweka kwenye keki na maandazi, nashika kichwa. Arki za jikoni nyingine zina rangi, nyingine zina sukari, nyingine zina mafuta, na zote zimetengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Kuliwa na kuvutwa ni njia mbili tofauti. Iache arki jikoni.

Baada ya mafuta unatafuta majina matatu ya kemikali: diasetili, asetoini, na asetili propionili. Hizi ndo zinazoipa bekari ule utamu wa siagi na krimu unaojaza mdomo, na ndo tatizo lenyewe. Mwaka 2000 kule Missouri, Marekani, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi za maikrowevu waligundulika na ugonjwa wa mapafu ambao haurudi nyuma, na uchunguzi ukaelekea kwenye mvuke wa fleva ya siagi waliyokuwa wanaivuta kazini, diasetili ikiwa ndani yake. Huku Uingereza kanuni za 2016 hazitaki diasetili kwenye juisi yenye nikotini, sema zile kanuni zinahusu juisi yenye nikotini, konsentreti tupu haipiti mlango huo, kwa hiyo kazi ya kusoma inabaki kwako. Kampuni zilizozoeleka kwa watu wa kumiksi, kama Capella na The Flavor Apprentice za California, FlavourArt ya Italia au Inawera ya Poland, unaanza kwa kutafuta karatasi ya usalama ya fleva yenyewe kwa jina lake kamili na toleo lake, maana fleva moja inaweza kuwa na toleo la kwanza na la pili na ndani ni vitu tofauti. Muuzaji akishindwa kukuonyesha karatasi na jina la mtengenezaji halionekani kwenye chupa, mi sinunui. Bei rahisi haijawahi kunishawishi hapo.

Na mdalasini. Zile roli za mdalasini zina sinamaldehaidi, inakwaruza koo na inapasua tangi za plastiki (tangi ni pale juisi inapokaa kwenye kifaa), nimeshapoteza moja, ilitoka mistari kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe. Tumia tangi la kioo na anza na kiasi kidogo mno.

Hatua ya pili: pua

Usinuse chupa moja kwa moja kwa kuchomeka pua, itakuchoma na utapata alkoholi tu. Kata vipande vya karatasi nyeupe isiyo na harufu, weka tone moja, andika jina na saa, nusa baada ya dakika moja, baada ya nusu saa, halafu kesho yake asubuhi. Hiyo ya asubuhi ndo muhimu kwa bekari. Vile vitu vyepesi vinakuwa vimeruka, kinachobaki kwenye karatasi ni mwili wa fleva: vanila, unga uliookwa, sukari iliyoungua. Kama asubuhi karatasi haina kitu kabisa ujue hiyo fleva ni ya juu juu, itakupa harufu nzuri dakika ya kwanza na kwenye juisi itapotea.

Usiogope harufu mbaya ya mwanzo lakini. Siku nilipofungua fleva moja ya ganda la keki ya jibini, mke wangu aliuliza kutoka sebuleni, "nani katapika?" Hakuwa anatania na hakuwa amekosea. Kuna asidi inaitwa butiriki, iko kwenye siagi iliyochacha, iko kwenye jibini, na iko kwenye matapishi. Ikiwa nyingi unasikia matapishi, ikiwa chembe tu ndani ya vanila na sukari unasikia jibini na siagi. Chupa ile leo ni mojawapo ya ninazozipenda, ila nafungulia karibu na dirisha kulinda ndoa.

Hatua ya tatu: kumiksi ikiwa peke yake

Unahitaji mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.01, chupa tupu, glavu, PG, VG (glisarini ya mimea) na kalamu ya kuandika kwenye lebo. Sindano za kupimia mililita zinawezekana ila kwa majaribio madogo zinadanganya, na kuziosha ni kero.

Fleva unayoitesti inaingia peke yake. Usiweke kitamu, usiweke krimu ya kusaidia, na usiweke nikotini. Nikotini ina pilipili yake kooni na itakuchanganya, utashindwa kujua ukali ni wa fleva au ni wake. Nikotini utaongeza baadae kwenye juisi uliyokwisha kuikubali, na ukiishika vaa glavu, ikikumwagikia osha hapo hapo, na chupa zake zikae juu zifungiwe mbali na watoto kabisa, maana kiasi kidogo kinaweza kumdhuru mtoto vibaya. Na juisi za bekari zinanukia kama peremende, fikiria hilo unapochagua kabati.

Tengeneza chupa tatu za mililita 10: asilimia 1, asilimia 3 na asilimia 6. VG iwe 70 kwa 30 ya PG. Mililita moja ya VG ina uzito wa gramu 1.26 hivi, ya PG gramu 1.04 hivi, na fleva nyingi ukizihesabu kama PG hutakosea sana. Kwa hiyo ile ya asilimia 3 unaweka fleva gramu 0.31, PG gramu 2.80, VG gramu 8.83. Ya asilimia 1 fleva ni gramu 0.10 na PG 3.00. Ya asilimia 6 fleva ni 0.62 na PG 2.49. VG haibadiliki kwa zote tatu.

Sasa angalia hiyo 0.10 vizuri. Tone moja linalodondoka kwenye chupa ya pua nyembamba lina kama gramu 0.02 hadi 0.03. Yani asilimia 1 yote ni matone manne hivi, ukiteleza tone moja la ziada umeongeza robo nzima ya fleva, na mizani yako yenyewe inaweza kuwa inayumba kwa 0.01. Ndo mtu anasema jana ilikuwa tamu leo chungu wakati ni mkono ulitetemeka. Fleva zenye nguvu mi nazipunguza kwanza, gramu 1 ya fleva kwa gramu 9 za PG, natikisa, naandika "moja ya kumi" kwa herufi kubwa. Halafu kupata asilimia 1 naweka gramu 1.04 ya hiyo iliyopunguzwa, PG 2.07, VG kama kawaida. Hapo tone moja likizidi halina madhara.

Anza kumimina fleva, halafu PG, VG mwisho. Ukianza na VG ile nzito, fleva inakaa juu kama mafuta kwenye mchuzi na wewe umeshachoka kutikisa. Tikisa dakika mbili kwa nguvu, andika lebo: jina kamili, kampuni, asilimia, tarehe. Usijidanganye kwamba utakumbuka.

Hatua ya nne: kuilaza

Juisi ya bekari ni kama achari, siku ya kwanza una maembe na pilipili tu, hujapata achari. Fleva inasambaa taratibu ndani ya VG, vile vitu vikali vinapungua, na pia kuna kemia inaendelea humo, vanilini na wenzake wanashikana na PG na kutengeneza vitu vipya vinaitwa asetali, kwa hiyo juisi ya wiki ya tatu si juisi ile ile uliyoimiksi. Weka kabatini kwenye giza, joto la kawaida la chumba. Watu wanaochemsha kwenye maji ya moto ili iwahi, sawa, mi nilifanya nikapata juisi iliyopoteza harufu zote nyepesi za juu, sijarudia.

Nonja siku ya 1, ya 7, ya 14 na ya 28. Siku ya 1 ni ya rekodi tu, usitoe hukumu. Ikibadilika rangi kuwa njano au kahawia usishtuke, vanilini huwa inafanya hivyo. Ikitoa mawingu ambayo hayaishi ukitikisa, au tabaka la mafuta likaelea juu, hiyo mwaga, kuna mafuta humo.

Hatua ya tano: kunonja

Tumia drippa, ile atomaiza (sehemu inayogeuza juisi kuwa mvuke) ya kudondoshea juisi tone kwa tone, kwa sababu tangi linashika ladha ya jana. Koili (ule waya unaopata moto) safi, pamba ya kunyonya juisi mpya kila fleva. Ndio, kila fleva, pamba ni bei rahisi kuliko kujidanganya. Choma koili kavu kwanza kuondoa mabaki, iache ipoe, weka pamba, dondosha matone machache, vuta mara mbili tatu za kuzoesha pamba (pamba mpya nayo ina ladha yake), ndo uanze kusikiliza.

Usinonje baada ya pilau na kachumbari, wala baada ya kahawa. Mi nafanya asubuhi baada ya maji tu. Usizidishe fleva tatu kwa kikao, ya nne ulimi unakuwa umekufa ganzi, kila kitu kinakuwa vanila ya mbali.

Vuta kwanza kwa wati (nguvu ya kifaa) za chini, kama 30, halafu panda mpaka 45 au 50 kama koili yako inahimili. Bekari inapenda joto kidogo, unga unajitokeza. Toa mvuke nusu kwa mdomo nusu puani, puani ndo utasikia siagi. Halafu kaa kimya dakika nzima usivute tena, subiri kinachobaki mdomoni. Biskuti nzuri inaacha ukavu fulani na utamu nyuma ya ulimi, kama umemaliza kutafuna. Mbaya inaacha kadibodi.

Andika kwa maneno ya vyakula unavyovijua wewe. Watu wanakopi maneno ya Wamarekani, sijui graham cracker, wakati hajawahi hata kuila. Mi daftari langu lina maneno kama "kaimati kabla ya shira", "half keki ya juzi", "ukoko wa mkate wa kumimina", "unga mbichi". Nikilisoma baada ya mwaka najua nilionja nini.

Ladha zenye walakini zinakuambia kitu, usizitupe:

Bisi, au chipsi za mahindi za pakiti: hiyo ni asetili pirazini, ndo inayoleta ule uookaji, ukoko, karanga. Kidogo ni mkate, ikizidi ni mahindi. Shuka asilimia kabla hujailaumu fleva. Hii ndo ilikuwa biskuti yangu ile ya asilimia 8.

Plastiki au mshumaa, hasa kwenye keki zenye vanila nyingi: mara nyingi umezidisha, au bado ni changa. Rudia wiki ya pili.

Ladha imekufa kabisa ingawa umeweka nyingi: hapa wengi wanaongeza. Punguza. Fleva ikizidi inajifunika yenyewe, ulimi unagoma.

Unga mkavu unaokwaruza koo: kama uko hata kwenye asilimia 1 baada ya wiki nne basi hiyo ni tabia yake, itahitaji krimu ya kuilainisha au iachwe. Na kama kifua kinabana au unakohoa tofauti na kawaida yako, simamisha, hiyo haitafutiwi asilimia.

Hatua ya sita: muweke na wenzake

Fleva ya bekari mara chache inakaa peke yake kwenye juisi ya mwisho, yenyewe ni sahani, kitu kingine ndo chakula. Chukua asilimia iliyokupendeza, tengeneza chupa mbili zaidi: moja na stroberi unayoijua vizuri, nyingine na krimu ya vanila unayoijua vizuri. Neno kubwa ni unayoijua, usiweke wageni wawili chumba kimoja halafu uulize nani kavunja kikombe. Na stroberi unaangalia kama inakuwa pai au inakuwa stroberi pembeni na unga pembeni, kila mtu na njia yake. Na krimu unaangalia kama biskuti inameza maziwa au inazama. Zikizama zote mbili baada ya wiki mbili, jaribu kuipandisha nusu asilimia nusu asilimia, usiruke kutoka 1 kwenda 4.

Hatua ya saba ni koili, hii fupi. Vuta mililita 10 kwa koili moja halafu ivue uiangalie. Ikiwa na ganda jeusi kama chini ya sufuria ya shira, kuna sukralosi au kitamu kingine ndani ya fleva hata kama hukuongeza wewe. Haimaanishi uitupe, ila ukiongeza kitamu juu yake utabadilisha koili kila baada ya siku mbili, na pamba iliyoungua haifai kuvutwa.

Nakuwekea ukurasa wa ile biskuti yangu kutoka kwenye daftari kama ulivyo, uone jinsi hukumu inavyobadilika:

Siku ya 1. Asilimia 1: maji ya vanila, karibu hakuna. Asilimia 3: siagi ya bandia, bisi kwa mbali. Asilimia 6: bisi tupu, katoni, sikumaliza pamba.

Siku ya 7. 1: biskuti imeanza, nyembamba. 3: siagi imetulia, mahindi bado. 6: vile vile.

Siku ya 14. 1: biskuti ya chai, ukavu mzuri mwishoni. 3: nzuri wati 30, wati 45 bisi zinarudi. 6: nimeacha kunonja.

Siku ya 28. 1: hii ndo yenyewe. 3: keki zaidi kuliko biskuti, inaweza kubeba ndizi. 6: nimemwaga. Nimenunua chupa nyingine ya mililita 30, na ile ya kwanza jamaa kakataa kurudisha.